Umbali Nao ni Ugonjwa: Afya ya Wasafiri wa Nyikani kwa Magari

Mchezo wa kupita njia ngumu kwa magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne umejipatia wapenzi wengi katika miji ya Afrika Mashariki. Wapenzi hao hujiunga katika vilabu, huchangia mafuta na chakula, na mwisho wa juma huondoka kwa msafara kwenda mahali ambako lami imekoma. Nchini Kenya mchezo huu una historia inayofahamika: mashindano ya Rhino Charge yalianza mwaka 1989, na fedha zake zilisaidia kujenga uzio wa umeme wa takriban kilomita 400 kuzunguka safu ya milima ya Aberdare, uliokamilika mwaka 2009. Hata hivyo, vilabu vingi havishindani na yeyote. Wanachama wake ni walimu, wahasibu, mafundi, wafanyabiashara na madaktari wanaotaka siku mbili za anga pana, moto wa kuni na usingizi usiokatizwa na honi.

Anayeyatazama magari hayo kabla ya safari hustaajabia nidhamu ya wenyewe. Kila gari hubeba matairi mawili ya akiba, pampu ya upepo, sepetu, jeki ndefu, mikanda ya kuvutia, redio ya mawasiliano na madumu ya mafuta na maji. Gari la mbele huongozwa na ajuaye njia; gari la nyuma huendeshwa na fundi, ili asibaki mtu nyuma bila msaada. Lakini ukiulizwa msafara huo ni nani anayejua kuzuia damu inayoruka, au ni nani miongoni mwao anayetumia insulini, mara nyingi jibu huwa ni kimya. Gari limeandaliwa kwa kila balaa. Mwili umeachwa uende kwa bahati. Nao mwili hauna tairi la akiba.

Makala haya yanahusu pengo hilo, na namna wasafiri, wagonjwa na watoa huduma za afya wanavyoweza kuliziba.

Njia ya Natron na hesabu ya saa

Mfano mzuri ni njia ya kwenda Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, ambayo wapenzi wa mchezo huu wa Arusha wanaijua vyema. Lami huwafikisha Mto wa Mbu. Kutoka hapo njia huelekea kaskazini chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, ikipita Selela na Engaruka, penye magofu ya mawe na mifereji ya wakulima wa karne zilizopita, hadi Engare Sero. Upande mmja wa mwisho wa safari upo mlima Ol Doinyo Lengai, ambao Wamaasai huuita Mlima wa Mungu na ambao ulilipuka kwa kishindo mwaka 2007 na 2008. Upande wa pili lipo ziwa lenye magadi, mazalio makuu ya heroe wadogo. Karibu na kijiji zipo nyayo za binadamu zaidi ya 400 zilizohifadhiwa katika majivu ya volkano yaliyoganda. Ni mahali panapostahili kutembelewa.

Kwa daktari, njia hiyo husomwa kwa saa kuliko kwa kilomita. Kilomita zipatazo 120 kati ya Mto wa Mbu na Engare Sero zina vumbi laini la majivu, makorongo ya mchanga na mawe makali. Mvua ikinyesha milimani, korongo lililokuwa kavu asubuhi laweza kuwa mto jioni. Katika sehemu nyingi simu haishiki. Mtu akiumia huko, kuna saa ya kumtoa korongoni, saa za kumfikisha kwenye kituo cha afya, na saa nyingine za kumfikisha penye upasuaji na damu ya kuongezewa. Jeraha ambalo mjini ni tatizo la dakika 20 hugeuka kuwa tatizo la nusu siku. Katika maana hii umbali ni sehemu ya ugonjwa, na unapaswa kutibiwa kama sehemu nyingine yoyote ya ugonjwa, yaani kwa kuzuia kwanza.

Wazo hili si geni katika eneo letu. Mwaka 1957 madaktari wa upasuaji Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees walianzisha huduma ya madaktari wanaoruka kwa ndege, ambayo leo ni shirika la Amref, kwa sababu waliona kuwa watu wa mbali walikuwa wakifa kwa kukosa njia ya kufika kwenye tiba. Lakini hata ndege huhitaji simu ya kuiita, uwanja wa kutua na mwanga wa mchana. Mpaka ifike, tabibu wa majeruhi ni yule aliyekaa naye gari moja.

Joto lisilosemwa

Arusha ipo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400. Ziwa Natron lipo kwenye mita 600 hivi, na mchana joto lake laweza kuzidi nyuzi 40 za Selisiasi. Msafiri hushuka kutoka baridi hadi tanuri kwa siku moja, na mwili hauwezi kuzoea joto kwa siku moja. Huhitaji wiki moja hadi mbili. Kisha gari hukwama, na watu waliozoea kukaa ofisini huanza kuchimba mchanga saa saba mchana.

Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu, misuli kukaza, kichefuchefu na mkojo mchache wenye rangi nzito. Mtu huyo apelekwe kivulini, alegezwe nguo, anyweshwe maji na dawa ya ORS, pakiti moja katika lita moja ya maji safi. Pakiti zikikosekana, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja vinatosha kwa dharura. Maji matupu kwa wingi, bila chakula wala chumvi, hayafai kwa mtu anayetoka jasho siku nzima, kwa maana hupunguza chumvi katika damu. Bia nayo si maji.

Ikiwa mtu amechanganyikiwa, anaongea yasiyoeleweka, anayumba au ameanguka na kuzimia, huyo hana uchovu tu. Huenda amepata kiharusi cha joto, na ubongo wake unaumia kila dakika inayopita. Kanuni hapa ni kupoza kwanza, kusafirisha baadaye. Mwili wote umwagiwe maji, upepewe kwa nguvu, na maji yaendelee kumwagwa hata ndani ya gari linapokwenda hospitali. Asinyweshwe kitu akiwa hana fahamu. Paracetamol haisaidii, kwa kuwa joto hili halikuletwa na homa. Msafara unaobeba lita tano za kunywa kwa kila mtu kwa siku, pamoja na maji mengine ya ziada, umekwisha kubeba dawa hiyo.

Gari linapokwama

Wengi hudhani hatari kubwa ya mchezo huu ni mwendo. Kwa kweli magari haya huenda taratibu, na furaha ya wengi ni pale gari moja linapozama na mengine kuja kulivuta. Hapo ndipo watu hushuka, husogea karibu na kupiga picha. Hapo pia ndipo nguvu kubwa isiyoonekana huwekwa ndani ya kamba.

Gari la tani tatu linalokwenda kilomita 15 kwa saa lina nishati inayozidi mara kadhaa ile ya risasi ya bunduki ya kivita. Mkanda wa kuvutia unaonyumbuka huimeza nishati hiyo kwa kutanuka, kisha huirudisha ili kulichomoa gari lililozama. Ikiwa kitu kinachoshikilia mkanda kitakatika, chuma hicho hurushwa kuelekea kioo, kichwa au kifua cha mtu. Tufe la chuma la kufungia tela halikutengenezwa kwa kazi hiyo. Likikatika huwa kama gololi katika manati. Mkanda ufungwe kwenye ndoano au tundu lililounganishwa na fremu ya gari tu. Kamba ya chuma ya winchi iwekewe blanketi zito au koti katikati, ili ikikatika ianguke chini. Watazamaji wasimame pembeni, mbali kwa urefu wa kamba mara moja na nusu, na asiwepo mtu anayeiruka. Mshika winchi avae glovu za ngozi, kwa sababu nyuzi za chuma hukata vidole.

Jeki ndefu nayo ina madhara yake. Mpini wake ukiponyoka huruka juu kwa nguvu ya uzito wa gari, na uso wa anayeinama ndio uliopo njiani: taya huvunjika, meno hung'oka. Kichwa kisiwe juu ya mpini, na mtu asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake.

Mkanda wa usalama ufungwe hata gari likienda kilomita kumi kwa saa. Gari linapolala ubavu kwenye mteremko hufanya hivyo polepole, na dereva ambaye hakujifunga hutoa mkono dirishani ili alizuie. Mkono huo husagwa. Mizigo ya ndani ifungwe pia. Dumu la lita 20 za maji lina uzito wa kilo 20, na likiruka ndani ya gari halichagui wa kumpiga. Gari likipinduka, majeruhi anayelalamika maumivu ya shingo au mgongo, au ganzi ya miguu, asivutwe haraka isipokuwa kuna moto au hapumui vizuri. Watu wanne wamgeuze kwa pamoja kama gogo moja, kichwa kikiwa kimeshikwa sawa na mwili.

Kamba inayookoa na kamba inayodhuru

Mambo mawili huchanganywa mara nyingi, na mchanganyiko huo huua.

La kwanza ni damu. Mshipa mkubwa wa mguu au mkono ukikatika, mtu aweza kufa kwa dakika chache, muda mrefu kabla ya kuliona paa la zahanati. Kidonda kibanwe papo hapo kwa kitambaa safi na kwa uzito wa mwili, bila kufunua funua kutazama. Damu isipokoma, afungwe mkanda wa kubana damu sentimita tano hadi saba juu ya kidonda, si juu ya goti wala kiwiko. Pasipokuwa na mkanda rasmi, kipande cha nguo chenye upana wa vidole vitatu na kijiti cha kukazia hufaa. Waya na kamba nyembamba havifai, maana hukata nyama. Mkazo uendelee hadi damu ikome, saa iandikwe mahali panapoonekana, na mkanda usilegezwe njiani. Baada ya saa mbili hivi hatari kwa kiungo huongezeka, lakini uhai hutangulia kiungo.

La pili ni nyoka. Hapa kamba haitakiwi kabisa. Nyika za kaskazini zina kifutu, ambaye wengine humwita moma, anayelala njiani bila kukimbia. Zina koboko, na zina swila atemaye sumu machoni. Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2017 liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa, linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa duniani kila mwaka kwa sababu hiyo. Wengi wao ni wakulima na wafugaji. Aliyeumwa na kifutu akifungwa kamba kali, sumu inayooza nyama hubaki imekusanyika katika kiungo kisichopata damu, na mguu ambao ungepona hukatwa.

Kinachotakiwa ni kumtuliza mgonjwa, kumvua pete, saa na viatu kabla ya uvimbe, kukifunga kiungo kwa ubao au fimbo kama kilichovunjika ili kisitikisike, na kumbeba, asitembee. Jeraha lisichanjwe, lisinyonywe, lisiwekewe jiwe jeusi wala umeme wa betri. Nyoka asifukuzwe, maelezo ya rangi na umbo yanatosha. Sumu iliyoingia machoni ioshwe kwa maji mengi kwa muda mrefu. Dawa ya kuzuia sumu haibebwi na msafara, kwa kuwa inaweza kusababisha mzio mkali na lazima itolewe penye uangalizi. Klabu yenye busara hupiga simu kabla ya kuondoka na kuuliza ni kituo kipi cha njiani chenye dawa hiyo kwa siku hizo. Kwa mtoa huduma wa kituo kidogo, kipimo rahisi kipo: mililita chache za damu katika chupa safi na kavu ya kioo, ziachwe kwa dakika 20 bila kutikiswa. Zisipoganda, sumu imeivuruga damu, na rufaa isicheleweshwe.

Mgonjwa wa kudumu naye huenda safari

Wanachama wengi wa vilabu hivi wana umri wa makamo, umri ambao shinikizo la damu na kisukari hujitokeza. Wapo wanaoficha ugonjwa wao wasije wakaachwa nyumbani. Si lazima waachwe. Aliyedhibitiwa vizuri aweza kusafiri, mradi wenzake wawili wajue hali yake na mahali dawa zilipo.

Insulini inayotumika hukaa nje ya jokofu kwa takriban wiki nne ikiwa joto halizidi nyuzi 30. Ndani ya gari lililofungwa juani huharibika. Huharibika pia ikiganda, hivyo isilazwe juu ya barafu katika sanduku la vinywaji; izungushiwe kitambaa, au iwekwe ndani ya chungu cha udongo kilicholoweshwa, njia ambayo wagonjwa wengi wa vijijini huitumia. Dawa zigawanywe katika magari mawili, kwa maana gari moja laweza kubaki nyuma. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari asichimbe mchanga kabla ya kula, na awe na sukari au soda mkononi. Akitetemeka, akitoka jasho baridi au akianza kugomba bila sababu, apewe sukari kwanza, apimwe baadaye. Akiwa hawezi kumeza, asimiminiwe kitu mdomoni bali akimbizwe kwenye kituo.

Anayetumia dawa za kukojoza kwa ajili ya shinikizo la damu hupoteza maji na chumvi haraka zaidi kwenye joto. Asiziache kwa uamuzi wake. Azungumze na daktari wake wiki moja kabla. Mwenye pumu abebe kipuliziaji chake mfukoni, asikifungie kwenye begi la nyuma, kwa kuwa vumbi la majivu halitoi taarifa. Mwenye maumivu ya kifua akipanda ngazi hana kazi ya kusukuma gari.

Daktari anayeulizwa habari ya safari kama hiyo hufanya vema akitoa mpango badala ya katazo. Anayekatazwa huenda vilevile, ila huenda bila kusema.

Wenyeji wa njia

Saa zile za hatari ambazo msafiri huzikopa kwa siku mbili, wakazi wa Selela, Engaruka na Engare Sero huishi nazo mwaka mzima. Kwao kufika Hospitali ya Wasso iliyopo Loliondo, au kushuka Mto wa Mbu, ni swali la kila ujauzito na kila mtoto mwenye degedege. Tanzania imeanzisha mpango wa m-mama, ambao kwa simu ya bure namba 115 humuunganisha mama mwenye dharura na gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyeandaliwa. Mahali ambapo simu haishiki, mlio wa gari la klabu waweza kuwa ndio msaada wa kwanza kusikika.

Hivyo msafara upange mapema utafanya nini ukisimamishwa na mama mwenye uchungu wa siku mbili. Kiti kimoja kinachoweza kulazwa, glovu, shuka safi na dereva aliye tayari kukatisha starehe ni vitu vidogo. Mama mjamzito asafirishwe akilala ubavu wa kushoto, pamoja na ndugu yake na, inapowezekana, mtoa huduma wa zahanati. Kwa upande mwingine, sanduku la huduma ya kwanza si duka la dawa. Kugawa viuavijasumu kwa wanakijiji wanaolalamika kikohozi ni kuwadhuru kwa mkono wa ukarimu. Wenye dawa za ziada wazungumze na mganga wa zahanati, ambaye pia ndiye ajuaye njia ipi imekatika na kituo kipi kina daktari.

Baada ya vumbi kuoshwa

Jumapili jioni msafara hufika tena kwenye lami. Matairi hujazwa upepo, mkuu wa msafara huhesabu magari, na watu huagana. Kwa afya, safari haijaisha. Mto wa Mbu halikupewa jina hilo bure. Mkazi wa mwinuko wa baridi asiyezoea malaria anaweza kuugua vikali. Malaria hatari zaidi huanza kujitokeza siku saba au zaidi baada ya kuumwa na mbu, mara nyingi ndani ya mwezi mmoja. Aliyepita mapori yenye mbung'o aweza kupata malale, na pengine kidonda chenye uvimbe mahali alipoumwa. Aliyekunywa maziwa mabichi bomani aweza kupata homa ya kutupiana ya brusela, pamoja na maumivu ya viungo, wiki kadhaa baadaye.

Mtoa huduma wa mjini, akutanapo na mhasibu mwenye suti na homa, hawezi kuona vumbi la Natron katika viatu vyake. Hana budi kuuliza: umesafiri wapi mwezi huu, umelala wapi, umekunywa nini? Maswali hayo matatu hayagharimu kitu, na bila hayo malale hutibiwa kama homa ya matumbo mpaka yafike kwenye ubongo.

Naye mkuu wa msafara, anayehesabu magari pale kwenye lami, aongeze jambo moja katika kazi yake: siku ya saba, ya 14 na ya 28 awapigie wenzake simu kuuliza habari za afya zao.